Nusu kwa Nusu: Matayarisho ya Baraza la Mafuta

Mwalimu wako wa historia akikwambia kwamba juma lijalo darasa litageuka kuwa baraza la wakurugenzi wa kampuni ya mafuta, nawe utakuwa mmoja wa wakubwa hao, yamkini utadhani kazi yako ni kuazima tai ya baba na kukunja uso. Kuvaa ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua mtu ambaye umeketi katika kiti chake alijua nini siku ile, aliogopa nini, alisema kwa niaba ya nani, na ni jambo gani ambalo hakuweza kulijua kwa kuwa lilikuwa bado halijatokea. Mwanafunzi asiyejua hayo hujadili kama mtu wa leo aliyepotea njia akaingia katika chumba cha jana. Hushinda kila hoja, wala hajifunzi kitu.

Insha hii yataka kukutayarisha kwa baraza moja la kweli, yaani baraza la wakurugenzi wa Kampuni ya Mafuta ya Anglo-Iranian, ambayo makao yake makuu yalikuwa London. Kampuni hiyo ilibadili jina mwishoni mwa mwaka wa 1954 ikawa British Petroleum, na kwa herufi mbili za BP inajulikana duniani mpaka leo. Wakati wetu ni kati ya Septemba 1950 na Februari 1951. Swali lililo mezani ni fupi: je, kampuni igawane faida yake nusu kwa nusu na serikali ya Uajemi, au ishikilie mkataba iliokuwa nao? Serikali ya nchi hiyo iliiomba dunia iiite Iran tangu mwaka wa 1935, lakini mimi nitatumia jina letu la kale, Uajemi, ambalo watu wa pwani walilizoea karne nyingi kabla hapajawa na kampuni yoyote ya mafuta.

Huenda ukauliza kwa nini mwanafunzi wa Kenya asumbuke na hesabu za nchi ya mbali. Mwezi wa Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamegunduliwa Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mwaka wa 2019 ikapitishwa sheria ya petroli iliyogawa sehemu ya serikali katika faida ya mafuta: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa wenyeji wa mahali penye visima. Kabla ya tarakimu hizo kuandikwa zilibishaniwa sana, na mabishano ya namna hiyo yana ukoo mrefu. Mmoja wa mababu zake aliketi London mwaka wa 1950.

Basi tuanze na mkataba, maana katika baraza la wakurugenzi asiyejua mkataba hana la kusema. Mwaka wa 1901 mfalme wa Uajemi, Mozaffar ad-Din Shah, alikuwa na madeni mengi na hazina tupu. Bwana William Knox D'Arcy, Mwingereza aliyetajirika kwa dhahabu ya Australia, alipata kwake idhini ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa muda wa miaka 60 katika nchi yote, isipokuwa mikoa 5 ya kaskazini iliyoachwa ili Warusi wasikasirike. Bei yake ilikuwa paundi 20,000 taslimu, hisa za thamani ya paundi 20,000, na asilimia 16 ya faida ya kila mwaka. D'Arcy mwenyewe hakupata kuikanyaga ardhi ya Uajemi maishani mwake. Mafuta yalibubujika tarehe 26 Mei 1908 mahali paitwapo Masjed Soleyman, kusini-magharibi mwa nchi, na mwaka uliofuata kampuni ikaundwa.

Jambo la mwaka wa 1914 uliweke moyoni, kwa sababu litakusaidia kumwelewa kila mtu atakayeketi katika meza yenu. Meli za vita za Uingereza zilikuwa zinaacha makaa ya mawe na kuanza kutumia mafuta. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya manowari, aliliomba bunge la nchi yake likubali serikali inunue zaidi ya nusu ya hisa za kampuni kwa paundi milioni 2.2. Bunge likakubali. Tangu hapo serikali ya Uingereza ilikuwa na wakurugenzi wawili katika baraza, wenye haki ya kuzuia uamuzi katika mambo makubwa, ingawa iliahidi kwamba haitajitia katika biashara ya kila siku. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na sura mbili. Waajemi walipoitazama waliiona Uingereza, nayo ilipojitazama katika kioo iliona duka la mfanyabiashara mwenye daftari zake. Katika mabishano yote ya baadaye tofauti hiyo ya macho ilifanya madhara kuliko ukali wa maneno.

Mwaka wa 1931 biashara ya dunia ilikuwa imeanguka, na malipo ya Uajemi yakashuka yakawa chini ya robo ya yale ya mwaka uliotangulia. Reza Shah, mfalme aliyetawala wakati huo kwa mkono wa chuma, aliuvunja mkataba mwezi wa Novemba 1932. Shauri likafikishwa mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva, na mwezi wa Aprili 1933 mkataba mpya ukaandikwa. Eneo la kampuni lilipunguzwa. Uajemi iliahidiwa shilingi 4 kwa kila tani, pamoja na asilimia 20 ya mgao wa faida wa wenye hisa baada ya kiasi fulani kukatwa. Kampuni iliahidi kwamba mwaka hata mwaka itapunguza wageni katika kazi zake na kuwaweka wenyeji. Lakini muda wa mkataba, uliokuwa ukome mwaka wa 1961, ulisogezwa mpaka 1993. Waajemi wengi waliona kwamba mfalme mmoja aliiuza miaka 32 ya wajukuu wao, na kwamba bunge la siku zile lilipitisha kwa kuogopa.

Katika mkataba huo limo jambo moja dogo ambalo vitabu vingi hulipita mbio, nami naona kwa mchezo wenu ni la thamani kuu. Serikali ya Uajemi ilipewa haki ya kumweka mjumbe wake London. Mjumbe huyo aliweza kupata habari zote ambazo mwenye hisa ana haki ya kuzipata, na kuhudhuria vikao vya baraza vilivyoitishwa kuzungumza mambo yaliyo baina ya kampuni na serikali yake. Alikuwa na kiti, lakini hakuwa na kura. Nitarudi kwake baadaye.

Sasa twende Abadan. Kisiwa hicho kilicho karibu na mdomo wa Shatt al-Arab, mpakani mwa Iraq, kilikuwa na kiwanda cha kusafishia mafuta ambacho kufikia mwaka wa 1950 hakikuwa na mwenzake duniani kwa ukubwa. Wakubwa Waingereza waliishi katika mtaa wa Braim, wenye nyumba za bustani na majani ya kijani yaliyomwagiwa maji mchana kutwa katika joto lile la Ghuba. Vibarua wengi walikaa katika vibanda visivyo na maji wala taa, na mtaa mmoja wa namna hiyo uliitwa Kaghazabad, maana yake Mji wa Karatasi. Mwezi wa Julai 1946 wafanyakazi waligoma, watu wakafa. Ni kweli kwamba kampuni ilijenga hospitali, shule na nyumba, na mkurugenzi wa mchezo wenu anayo haki ya kuyataja hayo kwa fahari. Ila mwenzake amwulize ni Waajemi wangapi, baada ya miaka 40 ya mafuta, waliokuwa wakuu wa idara katika kiwanda kile.

Hapa toa kalamu yako, maana baraza la wakurugenzi ni mahali pa hesabu. Mwaka wa 1950 kampuni ilichimba karibu tani milioni 32 za mafuta Uajemi. Kwa shilingi 4 kila tani hupatikana shilingi milioni 128, ambazo ni paundi milioni 6.4, kwa kuwa shilingi 20 zilifanya paundi moja. (Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya wakati ule ilikuwa na thamani ileile, kwa hiyo babu zako walihesabu kwa kipimo hichohicho.) Ukiongeza ile sehemu ya mgao wa faida na malipo mengine, Uajemi ilipokea mwaka huo karibu paundi milioni 16. Mwaka huohuo kampuni ililipa hazina ya Uingereza kodi ya paundi milioni 50 na zaidi. Ziandike tarakimu hizi mbili ubaoni, 16 na 50, zikae hapo muda wote wa mjadala. Kila msemaji, awe upande gani, itampasa azieleze. Mwenye ardhi alipata chini ya theluthi ya kile alichopata mtoza kodi wa nchi ya pili.

Jambo jingine lilizidisha uchungu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya London ilizitaka kampuni zisiongeze mgao wa wenye hisa, ili nchi iliyochoka kwa vita ipate nafuu. Mgao ulipozuiwa, ile asilimia 20 ya Uajemi nayo ilizuiwa, ijapokuwa Waajemi hawakuulizwa. Tena hawakuruhusiwa kupeleka wakaguzi wao katika daftari za kampuni. Wazee wetu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilifungiwa ndani ya kabati la upande mmoja.

Mwezi wa Julai 1949 kampuni ilikubali kuongeza malipo kutoka shilingi 4 hadi 6 kwa tani, kwa mapatano yaliyoitwa ya Nyongeza. Fanya hesabu ile tena: tani milioni 32 mara shilingi 6 ni paundi milioni 9.6. Si ongezo la kudharauliwa, na kampuni iliamini kwamba imefanya ukarimu. Bunge la Uajemi halikuyapitisha. Likaunda kamati ya mafuta, na mwenyekiti wa kamati hiyo akawa Dokta Mohammad Mosaddegh, mwanasheria aliyesoma Uswisi, mzee wa karibu miaka 70, ambaye hakuna mtu aliyepata kumshuku kwamba alikula rushwa.

Umekwisha pata habari za kutosha kuingia barazani. Tugawe viti.

Kiti cha mwenyekiti ni cha Sir William Fraser. Alikuwa Mskoti, mwana wa mtu wa biashara ya mafuta yaliyokamuliwa katika mawe ya Scotland, naye aliiongoza kampuni tangu mwaka wa 1941. Waandishi wengi wamemchora kama mtu mgumu asiyesikia, na ugumu huo alikuwa nao. Lakini ukimchezea Fraser kama mpumbavu umeuharibu mchezo. Alikuwa na hoja, nazo zilikuwa hoja za kweli, na kama wewe ndiwe Fraser yafaa uziseme kwa nguvu hata wenzako watetemeke.

Sema hivi: Mkataba ni mkataba. Ulipitishwa na bunge lao mwaka wa 1933, na utakoma 1993. Kama kelele za barabarani zinatosha kuufungua leo, kesho Iraq itapiga kelele, na keshokutwa Kuwait, ambako nusu ya kampuni ya mafuta ni yetu. Kisha uliza: nusu ya nini? Kampuni ya Wamarekani huko Saudi Arabia, iitwayo Aramco, inafanya kazi katika nchi ile moja, na faida yake ni rahisi kuhesabu. Sisi tunazo meli, tunavyo viwanda na masoko ya Ulaya, tuna visima vya nchi nyingine. Je, nusu ya faida iliyopatikana kwa kuuza petroli Ulaya ni haki ya Uajemi? Kwa njia gani? Halafu maliza na hoja iliyo kali kuliko zote: wakituondoa, nani atayachukua mafuta yao? Meli za mafuta duniani ni za kampuni chache, na hakuna hata moja kati ya hizo itakayotaka mfano huu usambae.

Hoja hii ya mwisho nakuomba uipime vizuri, maana ilikuja kuonekana kwamba ni kweli tupu.

Kiti cha pili ni cha mkurugenzi wa serikali ya Uingereza. Huyu ana shida ya kutumikia mabwana wawili ambao wote ni serikali. Hazina inataka kodi, tena inataka mafuta yanayolipiwa kwa paundi, kwa kuwa Uingereza baada ya vita haina dola za kutosha kununulia ya Marekani. Lakini wizara ya mambo ya nchi za nje inaogopa kwamba Uajemi, jirani wa Urusi, ikikasirishwa sana itaangukia upande wa pili. Mwanafunzi wa kiti hiki aseme kidogo, na kila asemapo wenzake wakumbuke kwamba anaweza kuzuia.

Kiti cha tatu mpe mtu anayejua habari za Venezuela na Marekani. Venezuela ilikwisha pata nusu ya faida kwa sheria ya mwaka wa 1948, na kampuni zake hazikufilisika. Katika mwaka wa 1950 George McGhee, mkubwa katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, aliwaonya wakubwa wa kampuni hii kwamba upepo unageuka. Na tarehe 30 Desemba 1950 Aramco ilitia sahihi mapatano ya nusu kwa nusu na mfalme wa Saudi Arabia. Mwenye kiti hiki aeleze pia siri ya mapatano hayo. Sheria ya kodi ya Marekani iliiruhusu kampuni kuhesabu kodi iliyolipa kwa mfalme kama kodi iliyokwisha lipwa nyumbani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nusu ile haikutoka katika mfuko wa kampuni. Ilitoka katika hazina ya Washington. Fraser atadakia hapo hapo: je, hazina ya London itakubali kufanya hivyo? Mgeukieni mkurugenzi wa serikali mwone jibu lake.

Msiache kuweka mtu wa hesabu, na mtu wa Kuwait atakayesema kwamba pengo la Abadan laweza kuzibwa, ingawa hilo huchukua muda. Wajumbe wengine na wawe wazee wa kampuni, waliofanya kazi jangwani tangu ujana wao, wenye kuipenda Abadan kama mkulima apendavyo shamba alilolifyeka kwa mikono yake. Watu wa aina hiyo walikuwepo, na mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Hawakuwa wakisema uongo waliposema, "Hapa palikuwa mchanga mtupu."

Na yule mjumbe wa Uajemi? Mpeni kiti hicho msemaji hodari kuliko wote darasani. Aketi mwisho wa meza. Asikie kila neno. Aulize apendavyo, ajibu akiulizwa, na kura zinapopigwa anyamaze. Mwenyekiti atamwita Mheshimiwa, atamtolea chai. Naamini kwamba darasa litajifunza katika dakika zile tano za kunyamaza kwake jambo ambalo kurasa nyingi hazielezi: kwa nini mwishoni watu wa Tehran hawakuuliza tena ni shilingi ngapi kwa tani. Kampuni iliendelea kujibu swali la shilingi, ilhali swali lilikuwa limekwisha badilika. Lilikuwa swali la nani mwenye nyumba.

Ipo sheria moja isiyovunjwa katika baraza hili. Asitokee mtu akataja jambo la baada ya siku ya kikao. Mtakaa vikao viwili. Kikao cha kwanza kiwe Septemba 1950. Waziri mkuu wa Uajemi ni Jenerali Ali Razmara, mtu anayetaka mapatano ya Nyongeza yapite, ila amewaambia wakubwa wa kampuni kwamba hawezi kuyapitisha bungeni mikono mitupu. Anaomba maongezo: Waajemi wafundishwe kazi za ufundi, wakaguzi wao wazione daftari, na baadhi ya malipo yatangulizwe. Hata nusu ya faida hajaitaja kwa sauti. Jadilianeni, mpige kura, na karani aandike hesabu ya kura.

Kikao cha pili kiwe Februari 1951. Kamati ya Mosaddegh ilikwisha yakataa mapatano ya Nyongeza mwezi wa Novemba. Aramco ilikwisha tia sahihi yake. Barabara za Tehran zimejaa watu wanaotaka mafuta yataifishwe. Sasa mwenyekiti awaulize: je, tutoe nusu?

Baada ya kura ya pili, si kabla, msomewe yaliyotokea. Mnamo Septemba kampuni ilikataa maombi ya Razmara. Mnamo Februari ilimwambia kwamba iko tayari kuzungumza kwa msingi wa nusu kwa nusu. Yaani katika miezi mitano ilivuka kutoka kukataa kidogo hadi kutoa kingi. Razmara hakulitangaza jambo hilo kwa watu wake. Tarehe 7 Machi 1951 aliuawa kwa risasi msikitini mjini Tehran. Tarehe 15 bunge likapiga kura ya kutaifisha mafuta, na tarehe 20 baraza la juu likathibitisha. Siku hiyo ya kufunga mwaka wa Kiajemi ingali sikukuu ya taifa. Mwishoni mwa Aprili Mosaddegh akawa waziri mkuu. Mwezi wa Agosti waziri mmoja wa Uingereza, Richard Stokes, alikwenda Tehran akiwa na nusu kwa nusu mkononi, wazi, mchana, mbele ya dunia. Ikakataliwa. Mwanzoni mwa Oktoba wafanyakazi Waingereza wa mwisho waliondoka Abadan kwa manowari iliyoitwa Mauritius.

Hoja kali ya Fraser ilitimia: meli hazikuja. Meli moja, Rose Mary, iliyojaribu kubeba mafuta ya Uajemi mwaka wa 1952, ilizuiliwa Aden. Katika Aden hiyohiyo kampuni ilijenga kiwanda kipya cha kusafishia mafuta, kikaanza kazi mwaka wa 1954. Visima vya Kuwait viliongezewa kazi, na tanuri za Abadan zikapoa. Kwa miaka miwili Uajemi ilikuwa na mafuta yake yote na karibu haikuwa na mnunuzi. Mwezi wa Agosti 1953 serikali ya Mosaddegh iliangushwa kwa mapinduzi yaliyosaidiwa na majasusi wa Marekani na Uingereza, jambo ambalo nyaraka zilizofunguliwa baadaye zimelithibitisha. Mwaka wa 1954 ukaundwa ushirika wa kampuni kadha. Kampuni ya Fraser ilirudi ikiwa na asilimia 40, kampuni za Marekani zikachukua asilimia 40, Shell 14, na Wafaransa 6. Na faida? Iligawanywa nusu kwa nusu na serikali ya Uajemi.

Usifanye haraka kusema kwamba Fraser angetoa nusu mapema mambo yote yangetulia. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo. Wako wanaosema kwamba mwaka wa 1949 nusu ingepokewa kwa shangwe, na Mosaddegh angebaki mbunge mzee mwenye hotuba kali. Wengine husema kwamba mkataba uliotiwa sahihi chini ya mfalme jabari usingeponywa na tarakimu yoyote, kwa sababu ugonjwa haukuwa katika tarakimu. Mimi naelekea upande wa kwanza, lakini si kwa moyo wote, na kila nikisoma habari za Abadan moyo wangu husogea kidogo kuelekea upande wa pili. Wewe utapima. Neno ninaloweza kulisimamia ni dogo zaidi: daftari zingefunguliwa Septemba, gharama yake kwa kampuni ingekuwa karibu bure, na Razmara angekuwa na kitu cha kuonyesha bungeni.

Kwa hiyo karani atakapoweka kura za vikao viwili bega kwa bega, tazameni kwanza ni wajumbe gani waliogeuka. Kila aliyegeuka asimame aeleze ni habari gani iliyomgeuza: Aramco, au Novemba, au kelele za Tehran. Asiyegeuka naye aeleze. Kisha mwenyekiti ampe nafasi yule mjumbe asiye na kura aseme kama siku ile ya Februari nusu ilikuwa bado kitu ambacho angeweza kukipeleka nyumbani.